Kuhakiki Vyombo vya Hali ya Hewa kwa Barafu: Somo kwa Wanunuzi wa Chumbi na Delta ya Rufiji

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya vyama vya msingi vya ushirika, shule, zahanati, vikundi vya wavuvi na mkulima mmoja mmoja anayekusudia kununua kipimajoto, kipimamvua au kituo kidogo cha hali ya hewa kinachojiendesha chenyewe. Vyombo hivyo sasa vinauzwa waziwazi, madukani na mitandaoni, na mteja aliyeko Chumbi anaweza kuletewa chake kwa basi kutoka Dar es Salaam bila kukiona kwanza. Juu ya boksi hukuta maneno ya kuvutia: kwamba chombo kimejaribiwa katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwamba hakishindwi na theluji wala barafu, kwamba kina kipasha joto chake ndani. Mwenyeji wa Chumbi, ambako hata usiku wa Julai mtu hutosheka na shuka moja, ana haki ya kuuliza barafu inamhusu nini.

Inamhusu, tena kwa karibu kuliko anavyodhani. Tutaeleza kwa nini, kisha tutaonyesha namna mnunuzi anavyoweza kutumia barafu hiyo hiyo, akiwa nyumbani kwake, kujua kama alichouziwa kinasema kweli.

Barafu iliyo juu ya mashamba

Hewa hupoa kadiri mtu anavyopanda juu. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6 na nusu kwa kila kilomita moja ya mwinuko. Chumbi ikiwa na nyuzi 30 mchana, hewa iliyo kilomita tano hivi juu ya mashamba yale yale imekwisha kushuka chini ya sifuri. Wingu la masika, lile linaloinuka kama mnara mweusi, kilele chake hupita kimo hicho kwa mbali, na sehemu yake ya juu ni barafu tupu. Mengi ya matone makubwa yanayolowesha mpunga wa bondeni yalianza safari yakiwa chembe za barafu, yakayeyuka njiani.

Katika nyanda za juu barafu hiyo hufika ardhini kabla ya kuyeyuka. Mto Rufiji hukusanya maji ya karibu moja ya tano ya Tanzania Bara kupitia Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu. Sehemu ya maji ya Ruaha Mkuu hutoka katika uwanda wa Kitulo, wenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, ambako alfajiri za Juni na Julai sakitu hufunika majani. Mvua ya mawe nayo si jambo geni Mbeya, Iringa na Njombe. Kipimamvua kilichoko huko kikizibwa na mawe ya mvua kwa saa nzima, mvua ya saa hiyo haihesabiwi. Mawe yanapoyeyuka baadaye, chombo huandika kwamba mvua inanyesha ilhali jua linawaka. Kosa limetokea mbali, lakini maji ni yale yale yatakayoteremka hadi bondeni kwetu.

Wakazi wa Rufiji na Kibiti hawahitaji kufundishwa maana ya maji hayo. Aprili 2024 yalifunika mashamba, nyumba na barabara, Chumbi na Muhoro zikiwa miongoni mwa kata zilizoathirika. Kabla watu hawajatulia, mwanzoni mwa Mei, Kimbunga Hidaya kikafika pwani karibu na Mafia. Katika siku kama hizo uamuzi wa kuhamisha mbegu, mgonjwa au mtoto hutegemea tarakimu iliyosomwa na chombo mahali fulani. Hata katika mwaka mwema, mkulima wa mlau, anayepanda katika udongo ulioachwa na maji ya mafuriko, hupanga kazi yake kwa kukisia mto utapungua lini. Tarakimu ikiwa ya uongo, hasara huwa yake.

Chombo kilichoziba hakinyamazi

Maji yanaweza kubaki kimiminika hata yakiwa baridi kuliko sifuri, maadamu yamo katika matone madogo mno yanayoelea ndani ya wingu. Tone la namna hiyo likigusa kitu chochote, kama bawa la ndege, nguzo au kikombe cha kipimaupepo, huganda papo hapo. Tone hufuata tone hata chombo kikavikwa koti la barafu. Vikombe vya kipimaupepo huwa vizito, huzunguka polepole, kisha husimama. Mdomo wa kipimamvua huzibika. Kihisio cha joto kilichofunikwa hupima joto la barafu iliyokizunguka, si la hewa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba chombo hicho hakikatai kufanya kazi. Kinaendelea kutoa tarakimu kila dakika kama kilivyoagizwa. Kipimaupepo kilichoganda huandika sifuri, na sifuri ni jibu linalosadikika, kwa maana siku nyingine upepo hutulia kweli. Mashine iliyozimika humshtua mwenyewe akaitengeneza. Ile inayodanganya kwa utulivu inaweza kukaa mwaka mzima ikiaminiwa.

Tarehe 1 Juni 2009 ndege ya Air France, safari namba 447 kutoka Rio de Janeiro kwenda Paris, iliingia katika mawingu ya ukanda mvua juu ya Bahari ya Atlantiki. Ukanda huo, unaoizunguka dunia na kuhamahama kaskazini na kusini ya ikweta, ndio unaotuletea vuli na masika. Ndege hubeba nje mirija midogo inayopokea msukumo wa hewa ili mwendo upimwe. Kwa mujibu wa uchunguzi wa Ufaransa, yaelekea mirija ile ilizibwa na chembe za barafu kwa muda usiofika dakika moja. Muda huo ulitosha: vipimo vya mwendo vilipingana, mtambo unaojiendesha wenyewe ukajiondoa, marubani wakashindwa kuitambua hali waliyomo, na watu wote 228 wakafa. Ripoti ya mwisho ya Julai 2012 haikuilaumu barafu peke yake, na sisi hatuna sababu ya kufanya hivyo. Mafunzo ya marubani nayo yaliguswa. Lakini kwa mtu anayenunua vyombo vya kupimia, habari nzito zaidi ni kwamba mirija ile haikuwa bidhaa bandia. Ilikuwa imepita majaribio yaliyotakiwa na sheria. Ila majaribio hayo yalitungwa kwa kuzingatia zaidi matone ya maji yaliyopoa kupita kiasi, kuliko mawingu ya chembe za barafu ya kimo cha kilomita kumi na zaidi, ambako ndege ile ilikuwamo.

Kwa hiyo maneno ya boksi yasomwe kwa makini. Chombo kinaweza kuwekwa ndani ya friji kubwa ya maabara, hewa ikiwa kavu, kikafanya kazi bila tatizo hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Mtengenezaji ataandika hivyo, naye hatakuwa amesema uongo. Chombo hicho hicho kikipelekwa mlimani ndani ya ukungu wa nyuzi 2 tu chini ya sifuri, kitaganda na kusimama kabla ya saa sita za usiku. Kustahimili baridi ni jambo moja na kustahimili kugandiwa na barafu ni jambo jingine. Jaribio la kweli la barafu huhitaji handaki la upepo lililopozwa, ambamo matone hunyunyiziwa chombo kikiwa kinafanya kazi. Au huhitaji mlima wenyewe. Huko Marekani, juu ya Mlima Washington, wachunguzi walitumia kipimaupepo kilichotengenezwa kwa kupashwa moto kisigande, na tarehe 12 Aprili 1934 kikaandika upepo wa kilomita 372 kwa saa. Kipimaupepo cha kawaida kingekuwa bonge la barafu siku ile, na rekodi ingekuwa sifuri.

Nasi tunao mlima wa namna hiyo. Tangu Februari 2000 Chuo Kikuu cha Massachusetts kiliweka kituo kinachojiendesha chenyewe juu ya barafu ya kaskazini ya Kilimanjaro, karibu na kilele chenye mita 5,895, mahali ambapo wastani wa joto la mwaka ni nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Pale, mbali na theluji kukaa juu ya vyombo, ardhi yenyewe ni barafu inayopungua, hivyo urefu wa vyombo kutoka usoni mwake hubadilika mwaka hadi mwaka na lazima mtu apande kuurekebisha. Hilo huwa tunawaambia wale wanaodhani kwamba kituo kinachojiendesha chenyewe hakihitaji mtu.

Barafu ya Chumbi ni nyigu

Je, mnunuzi wa Chumbi alipe zaidi apate chombo chenye kipasha joto? Kwa maoni yetu, la. Kipasha joto hula umeme ambao betri na sola ndogo haziwezi kuumudu, na ndani ya kipimamvua huweza kukausha sehemu ya mvua kabla haijahesabiwa. Chombo kilichotengenezewa theluji ya Ulaya si bora kwa sababu tu ni ghali.

Lakini swali la barafu lisitupwe pamoja na kipasha joto. Ligeuzwe liulize hivi: huku kwetu, ni kitu gani kinachofanya kazi ya barafu? Ni kitu gani kitakachoziba, kulemea au kufunika chombo hiki huku kikiendelea kutoa tarakimu? Jibu la kwanza ni nyigu wanaojenga kwa udongo. Mdudu huyu hupenda tundu jembamba lililo tulivu, na tundu la chini ya mdomo wa kipimamvua linamfaa kabisa. Tusimdharau. Tarehe 6 Februari 1996 ndege ya shirika la Birgenair ilianguka baharini baada ya kuruka kutoka Puerto Plata katika Jamhuri ya Dominika, na watu 189 walikufa. Mrija wake mmoja wa kupimia mwendo ulikuwa umeziba. Mirija yenyewe haikupatikana baharini, lakini wachunguzi waliona kwamba aliyeelekea zaidi kuuziba ni nyigu wa udongo, kwa kuwa ndege ilikuwa imekaa siku kadhaa bila kuruka na mirija haikufunikwa. Huku barafu, kule nyigu. Tundu ni la namna ile ile.

Baada ya nyigu kuna majani makavu na kinyesi cha ndege, vumbi la barabara wakati wa kiangazi, na karibu na mikoko kuna hewa ya chumvi inayokula skrubu, nyaya na ekseli ya kipimaupepo hata kikawa kizito kama kilichogandiwa. Kuna pia jua, ambalo hukausha na kupasua plastiki ya bei ndogo. Muuzaji akijisifu kuhusu theluji, aulizwe habari ya hayo. Je, mdomo wa kipimamvua una wavu? Je, unafunguka kwa mkono ili usafishwe? Je, skrubu ni za chuma kisichoshika kutu? Je, vipuri vinapatikana nchini? Muuzaji anayeijua bidhaa yake hukufungulia boksi na kukuonyesha.

Jaribio la barafu

Sasa tufike kwenye matumizi. Barafu ina sifa moja adimu: ikiwa safi na imechanganyika na maji safi, mchanganyiko huo hukaa katika nyuzi sifuri kamili, iwe Chumbi, Kibiti au London. Haihitaji cheti wala leseni. Maabara za ugezi, yaani zile zinazolinganisha vyombo na vipimo vya rejea, hutumia kanuni hiyo hiyo kwa uangalifu mkubwa zaidi. Maji yanayochemka hayana uaminifu wa namna hiyo, maana yanachemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda mlima. Pale kileleni Kilimanjaro huchemka kwa nyuzi 80 hivi.

Chemsha maji ya kunywa, yaache yapoe, kisha yagandishe katika chombo safi. Barafu ya kuhifadhia kamba na samaki, inayopelekwa Nyamisati na kwenye visiwa vya delta, haifai kwa kazi hii, kwani mara nyingi imegusana na chumvi na damu ya samaki. Chumvi hushusha kiwango cha kuganda: maji ya bahari huganda karibu na nyuzi 1.9 chini ya sifuri, na barafu iliyokorezwa chumvi nyingi inaweza kushuka hadi nyuzi 21 chini ya sifuri. Barafu za ubuyu wanazouziwa watoto nazo zisitumike, kwa kuwa sukari hufanya jambo lile lile, ingawa kwa kiasi kidogo.

Vunja barafu ndani ya kitambaa safi hadi vipande viwe kama punje za mahindi. Jaza chupa ya chai yenye mdomo mpana, au bilauri kubwa iliyofungwa taulo. Mimina maji safi yaliyopoa sana, kiasi cha kujaza nafasi zilizo kati ya vipande tu. Hapa wengi hukosea kwa kumimina maji mengi hata barafu ikaelea juu. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4, hivyo yale yaliyokaa chini, mbali na barafu, yanaweza kuwa na nyuzi 4 ilhali juu ni sifuri, na mpimaji akadhani chombo chake ni kibovu. Barafu ifike hadi chini. Maji yakizidi, yamwage na uongeze barafu.

Ingiza kipimajoto katikati, kisiguse ukuta wala sakafu ya chupa, kichwa chake kizame sentimita kumi hivi. Koroga taratibu. Subiri dakika kumi. Kama ni cha kioo, jicho lako liwe sawa na uzi wa kimiminika; ukisoma kutoka juu au chini utapata jibu la uongo. Andika, ondoa, rudia mara tatu. Kikisoma nyuzi 0.6 kila mara, basi kinazidisha kwa 0.6, nawe utakuwa ukipunguza kiasi hicho katika kila usomaji. Kosa linalojulikana na lisilobadilika linaweza kuvumiliwa. Kikisoma 0.2, kisha 1.1, kisha 0.5, usikitafutie udhuru, kirudishe. Kwa matumizi ya shamba na shule tunaona tofauti isiyozidi nusu nyuzi inafaa, na inayozidi nyuzi moja haifai.

Vituo vingi vya bei nafuu huweka kihisio cha joto na cha unyevu wa hewa katika kijumba kimoja. Hivyo visizamishwe majini kamwe, vitakufa. Hakiki kwanza kipimajoto cha kawaida kwa barafu, kisha kitundike karibu na kituo, kivulini na penye hewa, mchana mmoja na usiku mmoja, ukilinganisha saa baada ya saa.

Sifuri pekee haitoshi, kwa sababu chombo kinaweza kuwa sahihi penye sifuri kikapotoka penye nyuzi 35, na Chumbi inaishi karibu na 35 kuliko sifuri. Njia nyepesi ya kupata nukta ya pili ni kipimajoto cha mgonjwa cha kielektroniki, ambacho hutengenezwa kuwa makini karibu na nyuzi 37. Weka vyote viwili katika ndoo ya maji vuguvugu, vichwa vikiwa pamoja, koroga, soma. Ndoo ni bora kuliko kikombe kwa kuwa maji mengi hayapoi haraka.

Vile vipimajoto vya zamani vya zebaki visinunuliwe. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulipanga utengenezaji na biashara ya vipimajoto vya zebaki vikome kufikia 2020, isipokuwa kwa matumizi machache maalumu, na kimoja kikivunjika ndani ya darasa au zahanati, mvuke wake ni sumu.

Kipimajoto kilichofaulu majaribio yote mawili bado kitadanganya kikitundikwa ukutani chini ya bati. Kinachotakiwa kupimwa ni joto la hewa, kivulini. Kibanda cheupe chenye pande za louva, mita moja na robo hadi mbili juu ya ardhi yenye majani, mbali na ukuta na saruji, fundi seremala yeyote wa Ikwiriri anaweza kukitengeneza.

Maji, chumvi na daftari

Kipimamvua huhakikiwa kwa maji. Pima upana wa mdomo wake kwa rula. Ukiwa sentimita 20, nusu yake ni 10, na eneo la mdomo ni 3.14 mara 10 mara 10, yaani sentimita 314 za mraba. Milimita 10 za mvua katika mdomo huo ni mililita 314 za maji. Yapime kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa, kisha yamimine polepole kwa muda wa nusu saa. Chombo kisome milimita 10; kama ni cha kijiko kinachopinduka kwa kila milimita 0.2, kipinduke mara 50. Ukimimina kwa pupa, maji yatapita kijiko kikiwa bado kinageuka na hesabu itapungua. Udhaifu huo hutokea pia katika mvua kubwa ya kweli, kwa hiyo mwenye kipimamvua cha kijiko aweke kando yake kile cha kawaida cha kopo na kijiti. Tofauti ya asilimia 5 hatuilaumu.

Chumvi, ambayo tuliifukuza katika jaribio la barafu, inakaribishwa katika jaribio la unyevu. Loanisha chumvi ya mezani iwe kama uji mzito, iweke katika kifuniko cha chupa ndani ya chombo cha plastiki kinachofungwa barabara, pamoja na kipima unyevu, visigusane. Baada ya saa nane hadi kumi na mbili kisome karibu asilimia 75. Wenye maghala ya ufuta na korosho wanaelewa kwa nini hilo lina thamani.

Kabla ya kulipa, omba cheti cha ugezi chenye namba ya chombo hicho hasa unachokinunua, tarehe, na nukta za joto zilizopimwa. Cheti kinachozungumzia aina ya chombo kwa jumla, bila namba, ni tangazo la biashara tu. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki, maana bila hiyo malalamiko yako hayana pa kuanzia. Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inakataza madai ya uongo na ya kupotosha kuhusu bidhaa, na maneno yaliyoandikwa juu ya boksi ni madai. Litunze boksi.

Mwenye nia ya kufunga kituo chake awasiliane kwanza na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kuhusu usajili. Sheria Namba 2 ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka hiyo kazi ya kudhibiti huduma za hali ya hewa pamoja na kuzitoa. Kituo cha kijiji kinasaidia kuijua mvua ya kijiji. Hakimpi mwenyewe ruhusa ya kutangaza tahadhari ya mafuriko kwa jirani zake kupitia simu.

Liko jambo moja zaidi ambalo tunaona halijadiliwi vya kutosha. Zipo bima za mazao ambazo hulipa kwa kutazama kipimo cha mvua badala ya kutazama shamba. Chombo kikiandika kwamba mvua ilitosha, mkulima halipwi hata kama mahindi yake yamekauka yakiwa yamesimama. Ndugu msomaji, kabla ya kutia saini mkataba wa namna hiyo, uliza mvua itapimwa na chombo gani au kwa satelaiti, kipo umbali gani kutoka shambani kwako, kilifanyiwa ugezi lini, na nani hukisafisha. Uliza pia chombo kikiziba katikati ya msimu itakuwaje. Majibu yaandikwe ndani ya mkataba, kwa Kiswahili, kabla ya malipo ya kwanza.

Majaribio haya yarudiwe kila mwaka kabla ya vuli, na baada ya mafuriko yoyote yaliyofika kwenye nguzo ya chombo. Tarehe, tarakimu na jina la aliyepima viandikwe katika daftari gumu linalokaa ofisini, mbali na mchwa. Kipimamvua kikionyesha sifuri kwa siku kumi ndani ya masika, mtu apande ngazi akatazame tundu.